Sarafu za kale zilizochakaa: je, ni mkusanyo au ni chuma chakavu tu?

Kirumba_Sarafu (Mwanza) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Naomba maoni ya wenye uzoefu kuhusu jambo ambalo limekuwa likinigawa mawazo. Ninakusanya sarafu zilizotumika katika nchi yetu tangu enzi ya Wajerumani hadi miaka ya mwanzo ya Benki Kuu ya Tanzania, na karibu zote nilizonazo zimechakaa. Sizinunui katika minada ya ng'ambo. Nazipata kwa wanunuzi wa chuma chakavu wa Mabatini na Igoma, kwa wazee wa Magu na Ukerewe wanaozitoa katika vibweta vya marehemu wazazi wao, na wakati mwingine kwa masonara wa mjini waliozipokea kwa nia ya kuziyeyusha.

Katika kasha langu zimo heller za Wajerumani (vipande vidogo vya rupia yao), rupia za fedha ambazo uso wa Kaisari umebaki kivuli, senti kumi zenye tundu katikati, shilingi za simba za wakati wa Mwingereza, na shilingi za mwenge za mwaka 1966. Ninazipenda hivyo zilivyo, kwa kuwa ninapoishika rupia iliyosagika najua kwamba ilipita mikononi mwa watu wengi, huenda mmoja wao akiwa mkulima aliyeitoa kulipa kodi ya nyumba.

Hivi karibuni mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam aliniomba nimpe kasha zima, naye anipe sarafu tatu za Kijerumani zinazong'aa kana kwamba zimetoka kiwandani jana. Hoja yake ni kwamba sarafu isiyosomeka vizuri ni madini tu, na kwamba mkusanyaji makini huanza kwa kuachana na vilivyochakaa. Nilimwomba anipe muda. Sasa nauliza: je, mkusanyo wa vitu vilivyochakaa ni mkusanyo wa kweli, au ni kujifariji kwa mtu asiye na fedha? Nitatofautishaje sarafu iliyochakaa kwa matumizi na ile iliyoharibika? Na je, hizo habari za rupia ya Mjerumani kuuzwa kwa mamilioni zina ukweli wowote? Siku hizi kila mzee ninayemwuliza huanza mazungumzo kwa kutaja milioni.

Kabati_la_Shaba (Nyakato, Mwanza) amejibu:

Ndugu Kirumba, usibadilishane chochote kabla hujazipitia moja baada ya nyingine kwa lenzi, kwa sababu swali lako la pili ndilo linaloamua la kwanza.

Kuchakaa ni kusagika kunakotokana na mikono, mifuko, na sarafu kusuguana zenyewe kwa zenyewe. Kusagika huko huanzia penye miinuko na kushuka taratibu kuelekea kwenye mabonde ya picha. Katika rupia za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizotolewa kati ya mwaka 1890 na 1902, hufutika kwanza tai aliye juu ya helmeti ya Kaisari Wilhelm wa Pili, kisha masharubu, na upande wa pili simba hupoteza manyoya yake huku maandishi ya pembezoni yakiwa bado yanasomeka. Katika shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo upande mmoja ina simba na milima nyuma yake, bega na shingo ya simba hulainika mapema, na upande wa mfalme taji hupoteza vito vyake. Ukiona mpangilio wa namna hiyo, yaani juu kumefutika na chini kumebaki, na uso wote una rangi ya aina moja, basi sarafu hiyo imechakaa kwa haki. Hakuna mtu aliyeifanyia jambo.

Kuharibika ni jambo jingine. Mikwaruzo iliyonyooka inayopita juu ya miinuko na mabonde bila kubagua ni ya msasa au brashi ya waya. Ukingo uliopigwa nyundo, tundu lililotobolewa kwa msumari, mabaki ya risasi ya kulehemu nyuma ya sarafu iliyowahi kuwa kidani, na vishimo vidogovidogo vya kutu, hivyo vyote ni madhara. Sarafu yenye madhara inaweza kuwa na maelezo mengi zaidi ya picha kuliko ile iliyochakaa, na bado mkusanyaji mzoefu atachagua iliyochakaa.

Kuna hali ya tatu ambayo wengi huisahau, nayo ni sarafu iliyozaliwa ikiwa na sura hafifu. Mfano ulio karibu nasi ni sarafu za Tabora za mwaka 1916. Vita vilikuwa vimeikata koloni na Ujerumani, sarafu za kulipia askari na wapagazi zikaadimika, ndipo Wajerumani wakaamua kupiga zao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba nyekundu na shaba ya njano, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, ambazo dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Vifaa vilikuwa vya kubahatisha, hivyo heller 20 nyingi zilitoka mashineni zikiwa na taji lisilokamilika au upande mmoja mzito na mwingine hafifu. Anayezitazama kwa haraka husema zimechakaa, ilhali huenda hazikuwahi hata kuzunguka sana, kwa sababu Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916 na Wabelgiji wakaichukua Tabora Septemba mwaka huohuo. Tazama uwanda ulio wazi kati ya maandishi: ukiwa bado una ukavu na punje za chuma kibichi, udhaifu ni wa mhuri uliotumika kuipiga, ukiwa laini kama uliopakwa mafuta, udhaifu ni wa mikono ya watu.

Kuhusu mfanyabiashara wako, jiulize kwa nini mtu anayedai kwamba kasha lako ni madini tu yuko tayari kulitolea sarafu tatu nzuri.

Nansio_Bandarini (Ukerewe) amejibu:

Naheshimu maelezo ya ndugu yangu wa Nyakato, lakini naomba niweke upande wa pili, maana uzi huu unaelekea kuwa sherehe ya uchakavu.

Sarafu nyingi zilizomo katika makasha yetu huku Kanda ya Ziwa si adimu hata kidogo. Heller 1 ilipigwa kati ya mwaka 1904 na 1913 kwa mamilioni, huko Berlin ikiwa na herufi A na huko Hamburg ikiwa na herufi J. Senti 10 za Afrika Mashariki zenye pembe mbili za ndovu kuzunguka tundu zilimwagwa nchini kwa miongo mingi. Ukiwa na mfuko mzima wa hizo, zote zikiwa zimefutika, hujawa na mkusanyo, una mzigo. Mimi niliuza zangu zilizojirudia nikabaki na moja nzuri kwa kila aina, na leo kasha langu ni dogo lakini mgeni akilifungua anaelewa anachokiona bila mimi kumwelezea. Kitu kinachohitaji maelezo marefu ya mwenyewe ndipo kithaminike kina kasoro.

Nakubali jambo moja tu: usitoe kasha zima. Humo ndani kunaweza kuwa na kipande ambacho hata kikiwa kimechakaa hakitapatikana tena kirahisi. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar yenye picha ya mizani, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ni ya kuweka hata ikiwa imebaki mizani peke yake. Vilevile senti ya alumini ya Uganda na Afrika Mashariki ya Mwingereza ya mwaka 1907 au 1908: alumini ile haikuhimili hali ya hewa yenye unyevu, ikaliwa, na kuanzia mwaka 1909 ikabadilishwa kuwa ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kando ya ziwa kupata moja isiyo na vishimo ni bahati kubwa, hivyo yenye vishimo inatosha.

Mwana_wa_Igoma (Ohio, Marekani) amejibu:

Ndugu zangu wa nyumbani, nawasalimu. Sikusanyi sarafu, lakini huku ninakoishi nimeingia katika burudani inayofanana na hiyo, nayo ni kukusanya kadi za kale za wachezaji wa besiboli, na mimi hasa hununua zilizochakaa. Mjadala mnaoufanya nimeusikia huku karibu neno kwa neno.

Kwa asiyefahamu: kadi hizi ni vipande vya karatasi ngumu vyenye picha ya mchezaji. Mfululizo unaotajwa zaidi, unaoitwa T206, ulitolewa kati ya mwaka 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara nchini Marekani. Baadaye, kampuni ya Topps ilitoa kadi zake maarufu za mwaka 1952 zikiuzwa pamoja na ubani wa kutafuna. Hazikutengenezwa ili zihifadhiwe. Watoto walizibana kwenye spoku za baiskeli ili zitoe mlio, walizifunga mafungu kwa raba, walizibandika kwa gundi kwenye madaftari, na waliandika majina yao nyuma. Kwa hiyo kadi yenye pembe za mviringo na mkunjo katikati ni kadi iliyoishi maisha yake.

Kuna makampuni yanayopima hali ya kadi kwa alama kutoka 1 hadi 10. Kadi ya Mickey Mantle ya Topps ya mwaka 1952 iliyopewa 9.5 iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6, na hapo Ndugu Nansio atasema hoja yake imethibitika: ubora ndio unaolipwa. Lakini mwaka huohuo kadi ya Honus Wagner ya mfululizo wa T206, iliyopewa alama 2 tu, iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Mwaka 2021 nusu ya kadi ya Wagner, yaani kipande kilichobaki baada ya kadi kuchanwa, kiliuzwa kwa zaidi ya dola 400,000. Uadimu unapokuwa mkubwa, uchakavu hushusha bei lakini hauiondoi.

Jambo ninalotaka mlichukue ni jingine. Kadi ya Wagner iliyosifiwa kwa miaka mingi kuwa bora kuliko zote, yenye pembe kali na alama 8, ilikuja kufahamika kuwa kingo zake zilikatwa ili zionekane mpya, na mfanyabiashara aliyeiuza alikiri hivyo mwaka 2013. Tangu hapo nimekuwa nikiiogopa kadi ya miaka mia moja iliyo nzuri kupita kiasi kuliko ile iliyochoka. Mikunjo ya kadi mbaya unaiona yote mezani kabla hujalipa. Nadhani sarafu zinazong'aa "kana kwamba zimetoka kiwandani jana" nazo zinastahili jicho hilohilo: je, zilihifadhiwa, au zilisuguliwa?

Hata katika sarafu, huku Marekani hutumika kipimo cha alama 1 hadi 70 kilichoanzishwa na William Sheldon mwaka 1949, na wapo watu wanaoshindana kukusanya seti za alama za chini kabisa. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Sarafu husahaulika, huyeyushwa, hutobolewa au huondolewa katika mzunguko kabla haijafika mahali ambapo picha imetoweka yote, lakini mwaka na aina bado vinatambulika, na uso hauna kovu.

Ninapochagua kadi iliyochakaa, nataka uso wa mchezaji uwe safi na picha iwe imekaa katikati. Pembe zinaweza kuisha zote. Nanyi amueni mapema ni sehemu gani ya sarafu mnaidai ibaki na ipi mnaisamehe.

Kirumba_Sarafu amejibu:

Nawashukuru sana. Nimekaa na kasha langu kwa lenzi kama nilivyoelekezwa, na nimeona mambo ambayo sikuwa nimeyatazama.

Kwanza, ninazo heller 20 mbili za Tabora na zote zina uwanda mkavu aliousema Kabati la Shaba, lakini mataji yake hayafanani: moja ni kubwa, nyingine ni dogo. Pili, mojawapo ya rupia zangu ina tundu karibu na ukingo, juu ya kichwa cha Kaisari, na tundu lenyewe limelainika pembezoni. Mzee aliyenipatia huko Magu alisema mama yake aliivaa shingoni. Je, hiyo niihesabu kuwa imeharibika? Tatu, shilingi nilizokuwa nimeziweka kwenye albamu ya plastiki laini zimeanza kunata na kutoa utando wa kijani. Jirani amenishauri nizisugue kwa ukwaju na majivu kama tunavyosafisha sufuria za shaba. Ninaomba mwongozo kabla sijagusa kitu.

Mzee_wa_Mizani (Makoroboi, Mwanza) amejibu:

Kijana wangu, weka ukwaju pembeni. Nimefanya kazi ya usonara kwa miaka mingi hapa mjini, na ninakwambia kwamba tindikali ya ukwaju au ya limau haichagui: inaondoa uchafu, inaondoa na ile ngozi ya kahawia ambayo shaba imejijengea kwa miongo, kisha inaacha uso wa waridi uliokufa ambao hautarudi. Majivu nayo ni msasa. Sufuria husafishwa hivyo kwa sababu tunataka kula ndani yake, na kesho tutaisafisha tena. Sarafu ikishasuguliwa mara moja, mnunuzi yeyote mwenye macho ataijua.

Huo utando unaonata unatoka katika plastiki yenyewe. Albamu laini zenye harufu kali hutengenezwa kwa plastiki aina ya PVC, ambayo kwa joto na unyevu wetu huachia tindikali inayoishambulia shaba. Zitoe leo. Loweka shilingi hizo katika asitoni safi ya maabara, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, kwenye bakuli la kioo, mahali penye hewa na mbali na jiko. Asitoni huyeyusha utando wa plastiki bila kuigusa metali. Usisugue, zigeuze tu, kisha ziache zikauke juu ya kitambaa cha pamba. Baada ya hapo tumia vibahasha vya karatasi isiyo na tindikali au vifuko vya plastiki ngumu isiyo laini, na usizifunge kwa raba, kwa kuwa raba ina kiberiti (salfa) na kiberiti hicho huifanya fedha kuwa nyeusi. Ndani ya kasha weka vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja katika maboksi ya viatu, na uvibadilishe masika yanapoingia. Usiweke kasha kwenye ukuta unaoelekea ziwani, maana ukuta huo hulowa kabla ya mingine.

Ukiona kijani ambacho ni cha unga, kinachochimba na kurudi tena hata baada ya kukipangusa, hiyo si ya plastiki bali ni kutu ya chumvi inayokula shaba kutoka ndani. Itenge sarafu hiyo na nyenzake, na iwe kavu daima.

Kuhusu tundu, mimi sikubaliani na wanaosema moja kwa moja kwamba limeiharibu rupia. Tundu jipya lenye ncha kali lililotobolewa na mtu aliyetaka kuona kama ndani kuna kitu, hilo ni uharibifu. Tundu ambalo kingo zake zimelainika kwa uzi au mnyororo, na ambalo upande wake wa juu umeliwa zaidi kwa sababu ya uzito kuning'inia, linaonyesha kwamba rupia hiyo ilikuwa pambo kwa muda mrefu. Bei yake sokoni itakuwa ndogo, sikufichi, lakini katika mkusanyo wa vitu vilivyotumika ni ya kwanza ningeiweka. Tazama pia kama ina alama ya kulehemu. Nyingi zililehemuliwa zikawa vifungo na vidani, na sisi masonara ndio tuliofanya hivyo.

Sasa hilo la mamilioni. Rupia ya fedha ya Mjerumani ilitengenezwa ilingane na rupia ya India: uzito wa gramu 11.66 na fedha safi ya sehemu 917 kwa 1,000. Hiyo ndiyo siri yake yote. Haina zebaki, haivuti mchele, haizimi tochi kama uvumi unavyodai, na hakuna kiwanda cha ng'ambo kinachoihitaji kwa dawa. Wanaopita vijijini wakisema rupia ya mwaka fulani inatafutwa kwa mamilioni, kisha wanaomba kwanza "gharama ya kuipima", ni matapeli, na wamewafilisi watu wazima wenye akili zao. Wewe ukikutana na mzee anayetaja milioni, usibishane naye. Mpimie rupia yake mbele yake, mweleze uzito wa fedha iliyomo na bei ya fedha ya siku hiyo, ongeza kidogo kwa ajili ya ukale wake, umwache aamue.

Mizani itakusaidia na kwako pia. Rupia iliyochakaa sana hupoteza sehemu ndogo tu ya gramu. Ikipungua gramu moja nzima au zaidi, ama imekwanguliwa ama ni ya kumimina kwenye kalibu. Na uwe na sumaku: rupia, heller na shilingi za simba hazinaswi, ilhali sarafu nyingi za Tanzania za mwishoni mwa miaka ya 1980 zina chuma ndani na hunaswa mara moja.

Kabati_la_Shaba amejibu:

Shikamoo Mzee. Nakubaliana na yote, hata kuhusu tundu.

Ndugu Kirumba, hayo mataji mawili yanajulikana. Heller 20 za Tabora zina taji kubwa na taji dogo, na upande wa thamani hutofautiana katika ncha za zile herufi L mbili za neno HELLER: nyingine zimenyooka, nyingine zimepinda. Ukichanganya tofauti hizo na ukweli kwamba zilipigwa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano, unapata seti ambayo inaweza kukuchukua muda mrefu kuikamilisha, na kwa kuwa karibu zote zina sura mbaya tangu kuzaliwa, hapa aliyechagua uchakavu hashindwi na mwenye fedha. Usizitoe kwa mtu yeyote.

Pia pitia upya senti 5 na senti 10 za mwaka 1936. Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja na akajiuzulu kabla ya kutawazwa, lakini kwa kuwa sarafu zenye tundu hazina kichwa cha mfalme bali jina tu, zilishapigwa zikiwa na jina lake. Tafuta maandishi EDWARDVS VIII. Si adimu huku kwetu, na zilizochakaa hupatikana kwa bei ya soda, ila katika sehemu nyingi za dola ya Kiingereza hakuna sarafu iliyowahi kuingia katika mzunguko ikiwa na jina la mfalme huyo. Jina limo pembezoni, ambako husagika mwisho, kwa hiyo hata kipande kilichochoka kitakuonyesha.

Nansio_Bandarini amejibu:

Hizo za 1936 nimezikubali. Sikujua kwamba majirani zangu wa dola ya zamani hawana. Lakini senti 10 za miaka mingine bado nasema ziuzwe.

Mwalimu_Nyegezi (Mwanza) amejibu:

Nimefuatilia mjadala huu kimyakimya, na nina nyongeza mbili ambazo kwa maoni yangu ni muhimu kwa mkusanyo wa Kanda ya Ziwa kuliko hali ya sarafu yenyewe.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya mahali. Ndugu Kirumba ametaja kwamba rupia ilitoka Magu na kwamba mama wa mzee fulani aliivaa. Yaandike hayo kwenye kibahasha cha sarafu hiyo leo: kijiji, mwaka uliopewa, ilikuwa kwa nani kwa uhusiano na si lazima kwa jina, na ilikuwa pamoja na vitu gani vingine. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu. Kabla ya hapo fedha ziliingia huku kwa misafara ya kutoka kusini, na baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901 ziliingia pia kwa meli za ziwani. Ndiyo maana katika vibweta vya hapa unakuta rupia za India, heller za Mjerumani na senti za Uganda na Afrika Mashariki zikiwa zimelala pamoja. Kasha lililopatikana hivyo lisitawanywe. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akilichukua atalipanga upya kwa nchi na kwa mwaka, na habari ya kwamba vilikuwa pamoja Magu itapotea, wala hakuna sarafu inayong'aa inayoweza kuirudisha. Hili halihusiani kabisa na alama za ubora. Mfuko wa senti kumi zilizofutika ambao Ndugu Nansio anauita mzigo unaweza kuwa ushahidi ikiwa tunajua ulizikwa chini ya jiwe gani la kusagia na nani aliuficha.

Ya pili ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa masalio vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu za Kijerumani zilianza mwaka 1890, kwa hiyo kwa umri pekee hazimo humo, lakini kuchimba kutafuta masalio bila kibali hakuruhusiwi, hata kama mtu amekuonyesha ramani ya "mali za Mjerumani". Ukipata kitu cha kale zaidi, au ukitaka kupeleka vitu nje ya nchi, waulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale. Na usidanganywe na reale ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye mwaka 1780: mwaka huo uliendelea kupigwa kwenye sarafu hizo hata karne mbili baada ya malkia huyo kufariki, hivyo mwaka ulioandikwa hauthibitishi umri.

Kirumba_Sarafu amejibu:

Mzee wangu, Mwalimu, na ndugu wote, nimepata nilichokuwa nikikitafuta. Shilingi zimeshatolewa kwenye albamu, na asitoni nitaitafuta katika duka la vifaa vya maabara. Yaliyotoka katika kibweta kimoja nimeyafunga pamoja na kuandika juu yake yale ninayoyakumbuka. Kwa yale nisiyo na hakika nayo nitarudi Magu na Ukerewe kuuliza wakati wenyewe bado wapo.

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam nitampelekea orodha ya senti na heller zilizojirudia ambazo sina habari ya zilikotoka, na nimemwomba anitumie picha za sarafu zake tatu zikiwa zimeinamishwa kwenye mwanga ili nione kama zina mikwaruzo ya brashi. Hajajibu bado. Senti 10 za mwaka 1936 nimezikuta ni nne, mbili kati yake zina jina la Edward. Ndugu Nansio, kama bado unanunua moja nzuri kwa kila aina, nitakuja na moja nikipanda meli ya Ukerewe, tubadilishane kwa ile senti ya alumini yenye vishimo uliyoitaja, ikiwa unayo ya ziada.